Jibu kwa mleta mada wa Ujiji: nyumba ya babu, na wageni waambiwe nini

Kwa waliochelewa: ndugu yetu wa Ujiji anasema familia imekubaliana kuifungua nyumba ya babu yao kwa wageni, ila hawajakubaliana wageni waambiwe nini. Kaka mkubwa anataka kibao kinachosema Livingstone alilala pale. Mjomba anataka historia ya ukoo, basi. Shangazi, ambaye ndiye anayeishi humo, hataki neno utumwa litajwe mlangoni kwake. Mleta mada anauliza afuate la nani.

Mimi nimefundisha historia hapa Tabora mpaka nikastaafu, na kwa miaka mingi nimewapeleka wanafunzi, baadaye na wageni wa kawaida, kwenye tembe la Kwihara, nyumba ya kale ya udongo yenye paa la bapa, kilomita kama sita kutoka mjini. Mengi ya haya nimeyajua baada ya kuharibu kwanza.

La kaka ni jepesi. Msimlaze Livingstone kwenu kama hamna ushahidi. Stanley, mwandishi wa gazeti aliyetumwa kumtafuta, alimkuta Ujiji mwishoni mwa 1871, na tukio hilo lina mnara na makumbusho yake hapo hapo Ujiji. Mgeni akitoka kule akaja kwenu akapewa Livingstone wa pili, atatilia shaka hata yale ya kweli mtakayomwambia. Nyumba isiyolaliwa na Mzungu haijapungukiwa kitu.

Sasa kosa langu mwenyewe. Kwihara nilikuwa na hotuba yangu. Nasimama mlangoni, naanza: nyumba ilijengwa 1857, ya wafanyabiashara Waarabu, Stanley akafika Juni 1871, Mirambo, mtemi wa Kinyamwezi, akafunga njia ya Ujiji, na kuendelea, dakika arobaini bila maji. Siku moja nilikuwa na kundi la walimu, mmoja wao kaja na mama yake, bibi wa Kinyamwezi aliyevaa khanga mbili na kandambili. Niko katikati ya Mirambo, nikaona macho ya watu yananihama. Bibi alikuwa ameinama pembeni, anapapasa ukuta kwa kiganja, kisha akaugonga kwa kifundo cha kidole kama mtu anayechagua tikiti sokoni. Akasema, "Ya baba yetu ilikuwa hivi hivi." Akaanza kueleza polepole: udongo wa kichuguu unavyopondwa na kulowekwa, paa linavyolazwa boriti, juu yake fito, juu yake nyasi, halafu udongo, na kwamba kila mwaka kabla ya masika lazima mtu apande akazibe nyufa, la sivyo mvua ya kwanza mnalala chini ya matone. Kundi lote likamzunguka. Mimi nikabaki na Mirambo wangu.

Kisha akanigeukia. "Mwalimu, na hapa juu alikuwa anapanda nani?"

Sikuwa na jibu. Miaka yote hiyo nilikuwa nawaeleza wageni habari za watu wawili, Stanley na Livingstone, waliopita ndani ya nyumba, na sikuwahi kujiuliza nani aliyeifanya isiwaangukie.

Nikaenda kuisuka upya hotuba yangu. Nilichotafuta ni jambo moja tu ambalo wote waliopita humo walilishiriki, mkubwa na mdogo. Nikaona ni kusubiri. Stanley alikaa Kwihara miezi mitatu akisubiri njia ifunguke. Agosti 1871 Mirambo aliposhambulia Tabora, Stanley aliona mji ukiungua kutoka hapo hapo. Februari 1872 akarudi na Livingstone kutoka Ujiji, naye Machi akaondoka kwenda pwani. Livingstone akabaki akihesabu siku hadi Agosti, akisubiri wapagazi, yaani wabeba mizigo, ambao Stanley aliahidi kumtumia. Wapagazi wenyewe walisubiri ujira. Wafanyabiashara walisubiri pembe za ndovu. Nikimwambia mgeni "hii ni nyumba ya watu waliosubiri", akiingia kila chumba anajua atazame nini. Ninyi ya kwenu itakuwa neno lingine, labda kupokea wageni, labda deni, sijui. Litafuteni ndani ya nyumba, msiliazime kwangu.

Hapo ndipo naingia kwa shangazi, na hapa mnivumilie maana ndipo penye kazi.

Namwelewa. Tabora na Ujiji tunajuana. Kuna watu ambao babu zao walikuja na msafara kwa hiari, na kuna ambao babu zao waliletwa, na leo wameoana na wanazikana. Anayesimama barazani na kunyoosha kidole "ukoo ule" anavunja mtaa. Lakini kunyamaza kabisa nako kunawaachia wengine wajaze pengo, na wanalijaza kwa minyororo mitupu. Nimewasikia watembezaji wakisema kila aliyebeba mzigo kwenye njia hii alikuwa mtumwa. Si kweli. Wanyamwezi wengi walikuwa wapagazi wa kulipwa, waliipenda kazi hiyo na walijua kuigomea pia. Na katika misafara hiyo hiyo, watu wengine walikuwa wakipelekwa kuuzwa. Mgeni anastahili kupewa yote mawili, tena yametenganishwa.

Kwihara mimi hutumia kisa kimoja. Stanley akiwa hapo, mfanyabiashara mmoja Mwarabu alimpa mtoto wa kiume, zawadi, kama unavyompa mtu mbuzi. Jina la mtoto, kwa jinsi Stanley alivyoliandika, lilikuwa Ndugu M'hali, naye akalifasiri kuwa ni mali ya ndugu. Jina halikumpendeza, likabadilishwa, mtoto akawa Kalulu. Akapelekwa Ulaya na Marekani, akarudi na Stanley, na mwaka 1877 akafa maji kwenye maporomoko ya mto Kongo akiwa bado kijana mdogo. Nalitamka jina la kwanza, nalitamka la pili, nanyamaza. Neno utumwa silitumii hata mara moja katika kisa hicho, na sijaona mgeni aliyetoka hajaelewa.

Kwa hiyo mwambieni shangazi hivi: kwenye kibao lisikwepwe, liandikwe kwa ufupi kwamba biashara ya pembe na ya watu ilipita Ujiji. Ndani, semeni ya mtu mmoja mnayemjua, na kama ni wa ukoo wenu basi wenyewe ndio mtoe ruhusa. Majina ya majirani yasiguswe.

Mjomba na ukoo wake ana haki, ila apunguze orodha. Nasaba ya vizazi saba haimsaidii mtoto wa darasa la tano.

Vitu: kama ni nakala, andikeni nakala. Kama sakafu ilitiwa saruji na baba yenu, iacheni na semeni ni ya baba yenu. Nyumba haikusimama mwaka mmoja. Msinunue vyungu vya sokoni mkavipanga kana kwamba babu ameinuka sasa hivi. Badala yake wapeni watu kitu cha kushika. Mimi nina pande la kitambaa cheupe cha pamba, mfano wa ile merikani, doti moja, yaani mikono minane. Namkabidhi mgeni aipime kwa mkono wake, kiwiko hadi ncha ya kidole, kisha namwambia wapagazi walilipwa kwa vitambaa vya namna hii. Halafu nina gunia la mchanga la frasila mbili, kama kilo 32. Anayetaka analitia begani na kuzunguka ua mara moja. Vijana wa kiume hujitokeza kwa kelele na kulishusha kimya kimya.

Wakishalishusha ndipo nawapa habari ya Chuma na Susi, watumishi wa Livingstone, waliokuja na mwili wake kutoka Chitambo, Zambia ya leo, alikofia mwaka 1873. Hapa Unyanyembe, yaani Tabora na viunga vyake, ofisa Mwingereza, Cameron, aliwashauri wauzike mwili hapo hapo, maana njia ilikuwa na hatari. Wakakataa, wakaubeba mpaka pwani. Bila gunia kisa hiki kilikuwa kinapita tu.

Swali langu kwako, mleta mada. Umetaja chumba cha nyuma kisicho na dirisha, na kwamba shangazi anasema kilikuwa stoo ya pembe. Kabla hujaandika kibao chochote, keti naye peke yenu, kaka na mjomba wasiwepo, umuulize alilisikia kwa nani, na huyo naye alikuwa na umri gani alipoiona hiyo stoo. Pima na mlango wake. Tuwekee hapa upana wake, na kama komeo liko ndani au nje.