Lucian Msamati: yule Dumani wa Gangs of London katokea jukwaani

Mkuu, umeuliza kama yule Ed Dumani wa tamthilia ya runinga Gangs of London ni Mtanzania kweli, na mdogo wako anayetaka kwenda kuigiza Uingereza aanzie wapi. Nimeishi Birmingham miaka mingi, na Lucian Msamati, anayemcheza Dumani, nimemtazama zaidi jukwaani kuliko kwenye runinga, kutokea viti vya juu kabisa vya bei poa. Nakujibu kutokea huko.

Wazazi wake ni Watanzania, ndiyo. Yeye kazaliwa London mwaka 1976, kakulia Zimbabwe. Wazimbabwe wakimdai wana hoja kutuzidi sisi, maana kazi kaijulia Harare. Mwaka 1994 yeye na wenzake walianzisha kikundi chao cha maigizo, Over the Edge. Kwenye kikundi kidogo huchagui nafasi: leo mfalme, kesho mlevi, na viti unapanga mwenyewe. Anahamia Uingereza mwaka 2003, tayari ameshaigiza karibu miaka kumi. Wanaosema kaibuka tu hiyo hesabu hawaipigi.

Runinga ilimpa Matekoni, yule fundi magari mpole wa The No. 1 Ladies' Detective Agency, iliyopigwa Botswana, kisha haramia Salladhor Saan wa Game of Thrones. Nzuri zote, ila kwa maoni yangu zilimtumia robo tu.

Sasa njoo Stratford-upon-Avon mwaka 2015. Kutoka kwangu ni treni ya kama saa moja. Kampuni ya maigizo ya Royal Shakespeare Company wanacheza Othello ya Shakespeare, na Msamati ndiye Iago, yule mwovu anayemwangamiza Othello, mkubwa wake jeshini; ni mweusi wa kwanza kupewa nafasi hiyo kwenye kampuni ile. Othello ni Hugh Quarshie, naye mweusi. Kwa kawaida tamthilia hii unaitazama ukijua chuki inatoka wapi: mzungu hampendi mkubwa wake mweusi, basi. Hapa mkubwa ni mweusi, anayerukwa cheo ni mweusi, na cheo anapewa kijana wa kizungu, Cassio. Kila aliyewahi kukaa ofisini akaona bosi wa kwao anampandisha mgeni alielewa bila kufafanuliwa. Msamati alikuwa anachekesha, ukumbi unacheka naye, halafu unajishtukia umeshakaa upande wa mwovu. Bibi mmoja wa kizungu pembeni yangu alikuwa anaguna kabisa, "hapana, hapana", kama yuko msibani.

Mwaka uliofuata akamcheza Salieri, mtunzi wa muziki mpinzani wa Mozart, katika igizo la Amadeus, National Theatre, London. Ukumbi wa Olivier una viti zaidi ya 1,100, na Salieri karibu haondoki jukwaani. Yeye ndiye anayekusimulia wivu wake wote kwa Mozart, huku wapiga muziki wa Southbank Sinfonia wakizunguka naye katikati ya igizo. Na usisahau kuwa kati ya 2010 na 2014 aliongoza kampuni ya Tiata Fahodzi, inayoshughulika na hadithi za Waafrika wa Uingereza. Alikuwa anawatafutia wengine kazi pia.

Kuhusu mdogo wako. Niliwahi kufanya kibarua kwenye ukumbi mmoja wa maigizo, kukagua tiketi na kuuza aiskrimu wakati wa mapumziko. Nusu ya wenzangu walikuwa waigizaji wamehitimu vyuo, wanasubiri simu ya wakala. Wana vipaji, na kodi ya chumba inawamaliza. Msamati alifika akiwa na kazi nyuma yake. Kama mdogo wako yuko Dar, aigize kwanza hapo hapo, hata na watu wanne kwenye ukumbi wa shule, arekodi, kisha ndiyo muongee habari za viza.

Wakati huo mwambie atazame Conclave ya mwaka 2024, pale Kardinali Adeyemi, anayechezwa na Msamati, anapobanwa na Ralph Fiennes chumbani. Azime sauti, amwangalie usoni tu.