Jibu: Bwana afya kabeba katoni za juisi dukani, nidai nini?

Salama mkuu. Nimekuelewa: bwana afya kakuta juisi zilizoisha muda na makopo ya maharage yaliyovimba, kabeba, na karatasi hukupewa. Fidia sahau, bidhaa iliyoisha muda hailipwi.

Kwanza angalia kama kuna hati yoyote uliyosaini. Kama hakuna, nenda kesho idara ya afya ya halmashauri ukaombe orodha ya vilivyochukuliwa: jina la bidhaa, idadi, namba ya bechi, tarehe ya kuisha. Dukani kwangu huwa tunahesabu pamoja, katoni kwa katoni, ndipo nasaini. Karatasi tupu sisaini hata aje na mgambo. Omba pia uwepo siku ya kuteketeza. Wengine wanaona ni usumbufu, ila ndiyo njia ya kujua hazikurudi sokoni kwa mlango wa nyuma.

Makopo usiyabishie. Ukibonyeza kifuniko kikarudi juu na kulia "tak", ndani kuna gesi. Hayo usimpe hata mbwa.

Wakikutajia TFDA (iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa Tanzania), jua tangu 2019 chakula kiko TBS, yaani shirika la viwango. Faini inaweza kutegemea sheria ndogo za halmashauri yenu, na ukilipa, dai risiti yenye namba ya malipo ya serikali.