Taifodi isiyoisha na choo cha damu: omba waangalie ndani ya utumbo

Kama umetibiwa taifodi mara kadhaa ndani ya mwaka mmoja na bado unaenda choo chenye damu, hebu tulia usome hii, juu naona watu wengi hapa Kisumu wanatoka kemisti hii wanaingia ile, kila mahali wanapewa antibiotiki kama Flagyl na sipro, wanapata nafuu wiki moja alafu inarudi vile ilikuwa.

Mimi niko na alsaretivu kolaitisi. Ngozi ya ndani ya utumbo mkubwa inavimba, inachubuka, inatoa damu na kamasi, na hakuna mdudu wa kuua hapo, ni kinga ya mwili wenyewe inashambulia utumbo. Iko na ndugu yake, ugonjwa wa Crohn, huo unaweza kushika mahali popote kuanzia mdomoni mpaka njia ya haja kubwa na unaingia ndani kabisa ya ukuta wa utumbo. Jina lilitoka kwa Burrill Crohn, daktari wa New York ambaye yeye na wenzake wawili waliuandika mwaka wa 1932. Watu huniambia eti hayo ni magonjwa ya wazungu. Mimi ni mtu wa Nyalenda na ninao.

Sasa ugumu wa huku kwetu ni kwamba kuna magonjwa mengine mengi ya kweli yanayofanana na haya. Ameba inatoa damu na kamasi. Kichocho cha ziwani, ile ya utumbo, inatoa damu pia, na watu wa Dunga na fuo zingine wanashinda kwa maji kila siku. TB ya utumbo nayo inapenda kukaa pale utumbo mdogo unapokutana na mkubwa, na hapo ndipo Crohn pia inapenda, hata daktari mzoefu anaweza kuchanganya. Kwa hivyo ukiambiwa upeleke choo maabara, upimwe ukimwi, upigwe picha ya kifua, usione kama wanakula pesa yako bure. Mtu wa ameba akipewa steroidi (dawa kali ya kushusha uvimbe na kinga ya mwili) kwa kudhani ni kolaitisi utumbo unaweza kutoboka, na wa TB inaweza kusambaa. Kile mimi sikubali ni kutibiwa kwa kubahatisha, au kupimwa kile kipimo cha damu cha Widal pekee alafu unaambiwa ni taifodi. Widal inatafuta alama za kinga kwa damu, na hizo zinaweza kuwa za zamani au za ugonjwa mwingine kabisa, kwa hivyo kila ukipima inaweza kusema una taifodi hata kama huna.

Na kuna jambo moja watu hawasemi kwa sababu ya aibu, mimi nitasema. Wengi wetu tunatumia choo cha shimo, tena cha plot, gizani, huoni kitu. Mtu anaweza kupoteza damu miezi mingi na asijue, anashangaa tu mbona anachoka, mbona kupanda ngazi kunamkata pumzi, kumbe damu imeisha mwilini. Angalia tishu kila mara. Ukiwa na shaka tumia ndoo siku moja uone rangi na kamasi, na uhesabu unaenda mara ngapi, hasa kama unaamka usiku kwenda, juu yule ambaye tumbo linamsumbua tu kwa stress au chakula kwa kawaida haamshwi usingizini na hatoi damu wala hakondi.

Kinachomaliza ubishi ni kolonoskopi pamoja na bayopsi. Ni mpira mwembamba wenye kamera unaopitishwa nyuma, wanaangalia utumbo na kukata vipande vidogo vya kupeleka maabara. Yangu niliifanyia Eldoret, pale Moi. Uliza mapema inafanywa siku gani, bei ni ngapi na SHA, bima ya afya ya serikali, inalipa nini, usibebe mizigo ya safari kabla ya kujua. Siku moja kabla ya kipimo unakunywa dawa ya kusafisha tumbo na vitu visivyo na maziwa, chai ya rangi, supu iliyochujwa, usinywe kitu chekundu kwa sababu kinaweza kudhaniwa ni damu. Hiyo dawa ndiyo ngumu kuliko kipimo chenyewe. Na sisitiza bayopsi ichukuliwe hata kama utumbo unaonekana sawa kwa macho.

Dawa sasa. Nyingi ziko na si lazima ziwe za bei ya kutisha. Salfasalazini ni ya zamani, daktari Nanna Svartz wa Sweden aliianzisha kwa ajili ya ugonjwa wa viungo alafu ikaonekana wenye kolaitisi wanapata nafuu. Inageuza mkojo rangi ya machungwa, usiogope, lakini kama salfa inakudhuru sema mapema, na unapoitumia uliza kuhusu foliki, ile vitamini ya kusaidia kutengeneza damu. Mesalazini iko ya kumeza na ya kuweka nyuma, na kama ugonjwa uko chini karibu na mlango ile ya nyuma inafanya kazi vizuri sana, achana na aibu. Prednisoloni, ambayo ni steroidi, inazima moto haraka ila si ya kukaa nayo, inapandisha sukari, inakula mifupa, inanyima usingizi, na HUWEZI kuiacha ghafla baada ya kuitumia wiki nyingi, inapunguzwa pole pole. Azathiopirini, ya kutuliza kinga ya mwili, inachukua kama miezi mitatu kuonyesha kazi na lazima upimwe damu mara kwa mara. Alafu kuna sindano kama infliximabu, Marekani waliikubali kwa Crohn mwaka wa 1998, ni ghali, na kabla upewe lazima upimwe TB, juu inaweza kuamsha ile iliyolala.

Wazee watakuletea manyasi, dawa za miti shamba, kwa upendo. Waheshimu, lakini usiache dawa za hospitali ili uyajaribu. Diklofenaki na ibuprofeni pia kaa mbali nazo, zinaweza kuamsha ugonjwa, kwa maumivu meza panadol.

Chakula hakileti huu ugonjwa, ila ukiwa umewaka githeri na sukuma nyingi zinaumiza, wali, ndizi, viazi, samaki bila mifupa na maziwa lala kwangu zinakaa vizuri. Ukitulia rudia mboga zako.

Ukienda choo cha damu mara 6 au zaidi kwa siku na una homa au moyo unakimbia, hiyo ni ya kwenda hospitali usiku huo huo. Na wewe ambaye umekuwa na kolaitisi karibu miaka 8, hata kama unajisikia poa, muulize daktari kuhusu kolonoskopi ya kuangalia saratani.