Mhina, hina, na hiyo inayoitwa "hina nyeusi"

Swali: Nyumbani tumebishana. Dada yangu anasema "hina inachanua uani", mimi nasema anayechanua ni mhina. Halafu juzi harusini tulichorwa "hina nyeusi", shangazi akaguna kwamba hakuna kitu kama hicho. Nani yuko sahihi? (Msomaji, Tanga)

Jibu: Wewe na shangazi.

Mti ni mhina, wingi wake mihina. Hina ni kile unachokitoa kwenye mti huo, na si lazima kiwe tunda, kama watu wanavyodhani kwa kuzoea embe na mwembe. Mkarafuu hutupa karafuu, ambayo ni tumba la ua. Mdalasini hutupa dalasini, ambayo ni gamba. Mhina hutupa jani, likakaushwa, likatwangwa, likachekechwa. Basi sema "mhina umechanua" lakini "hina imekolea". Dada yako namwelewa: vile viua vyeupe vidogo vinanukia hata mtu akasahau ngeli.

Neno lenyewe ni la Kiarabu, na huko lina n mbili. Kiswahili hakina desturi ya kukaza konsonanti namna hiyo, ndiyo maana tunaandika hina. Ile "henna" ya kwenye vibao vya saluni ni neno lilelile, ila limepitia Uingereza kwanza.

Mti huu ni wa nchi zenye ukame, kuanzia kaskazini mwa Afrika na Arabuni hadi India, ambako mji wa Sojat, jimbo la Rajasthan, umejulikana kwa kilimo chake. Wanasayansi wanauita Lawsonia inermis, jina alilolitoa Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, mwaka 1753. Inermis ni Kilatini, maana yake "asiye na silaha", yaani hauna miiba. Jaribu kupogoa mhina mkongwe kwa mikono mitupu ndipo utajua kama jina limesema kweli. Ncha za matawi yake hukakamaa zikachoma.

Sasa hiyo nyeusi. Rangi ya hina huanza kama chungwa, ikikaa siku moja au mbili ikawa hudhurungi iliyoiva. Weusi tititi haimo. Kinachochorwa cheusi kina jina lake pwani nzima: piko. Na mara nyingi piko ya siku hizi ni dawa ya kupaka nywele, yenye kemikali ya parafenilenidiamini, ambayo huweza kumtoa mtu malengelenge na kumwachia kovu. Kuiita "hina nyeusi" ni kuiazima sifa njema ya hina, na mimi kosa hilo la msamiati silichukulii kirahisi, maana bibi harusi akisikia "hina" hutoa mkono bila kuuliza.

Kuhusu "kuchorwa", hapo hamkukosea. Hina hupakwa kiganja kizima au wayo. Maua na vikuba ndivyo huchorwa, iwe kwa hina au kwa piko.