Bouchon za Lyon kwa asiyekula nguruwe

Dada, umeuliza kama wewe usiyekula nguruwe utapata chakula kwenye bouchon, vimgahawa vya kienyeji vya mji wa Lyon, Ufaransa, na kama maji lazima ununue. Maji ni jambo dogo: sema "une carafe d'eau", utaletewa ya bomba, bure. Mkate nao haulipiwi.

Kwenye nguruwe ndipo penye kazi. Mapishi ya vimgahawa hivi yamesimama juu ya nguruwe na matumbo. Hata saladi ya Lyon, ambayo ungedhani ni majani tu, huja na vipande vya nguruwe vilivyokaangwa. Andouillette ni utumbo uliojazwa ndani ya utumbo, na harufu yake hukufikia kabla ya sahani. Mimi ningeagiza quenelle de brochet, donge laini la samaki wa maji baridi ndani ya mchuzi mzito. Cervelle de canut isikutishe: jina ni "ubongo wa mfuma hariri", lakini ni jibini laini lenye majani na vitunguu. Divai huingia kwenye vyakula hivi mara nyingi, hata kwenye michuzi, kwa hiyo kama huitumii, uliza kwanza.

Fika kati ya saa sita na saa nane mchana. Ukichelewa, jiko limefungwa. Toa "bonjour" mlangoni na usubiri kuonyeshwa meza. Bili hawaleti mpaka uiombe. Malipo ya huduma yamo ndani ya bei, bakshishi ni hiari yako.