Jibu: Kava la nguzo ya mlango lililopasuka kwenye vibanio

Ndugu, umeuliza kama kava la nguzo ya mlango wa Corolla yako ya 1998, lililopasuka kwenye vibanio (vile vishikizo vya nyuma vinavyolibana kwenye bodi), linatengenezeka au ununue jingine. Linatengenezeka, ila kabla ya kushika gundi yoyote ligeuze usome upande wa nyuma, kwa sababu mara nyingi watengenezaji huchapa hapo aina ya plastiki, ama ABS ama PP, na herufi hizo ndizo zinazoamua dawa yake.

ABS huyeyuka kwenye asetoni, kiyeyushi kinachoshika moto upesi. Loweka vipande vya plastiki ya aina hiyo hiyo katika chupa ya kioo hadi viwe uji mzito, upake nyuma ya ufa, kisha uache hadi kesho yake; kazi hiyo ifanyike nje, mbali na moto. PP haishikani na uji huo, na supagluu ya dukani nayo hubanduka (usipoteze fedha), kwa hiyo hakuna budi kutumia pasi ya kulehemu: laza wavu mwembamba wa chuma juu ya ufa, uuzamishe polepole bila kutoboa uso wa mbele, halafu ufunike kwa PP iliyoyeyushwa.

Ukiamua kununua spea kuukuu, iwe Gerezani, Dar es Salaam, au Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, kagua kwanza mashina ya vibanio kwenye mwanga. Mstari mweupe hapo ni dalili kwamba plastiki imekwisha kuanza kuchanika.