Jibu: Kutibu meno bure bila kuua kliniki yako

Mkuu, umeuliza utawatibuje watu wa Chamwino na Bahi wasio na hela bila kliniki yako ya Dodoma mjini kufungwa. Mimi nilikwama kwa huruma ya mlangoni. Mama anafika shavu limevimba, kajifunga kanga hadi kidevuni, mkononi ana elfu tatu zilizokunjwa. Unamng'oa. Kesho yake wanakuja jirani zake watano, mmoja kashuka kwenye pikipiki yake mwenyewe! Mwisho wa mwezi kodi ya fremu ikanishinda.

Sasa huduma ya bure nimeitoa kabisa kliniki. Jumamosi moja kwa mwezi naenda kijijini, na fungu lake nalitenga kwenye mapato ya mwezi uliopita. Likiisha, limeisha. Mjini kila mtu analipa, ila mkulima wa zabibu namsubiri hadi avune.

Jenereta usibebe. Ile mbinu ya kukwangua uozo kwa vifaa vya mkono na kuziba tundu (siku hizi kwa glasi ayonoma, saruji ya meno inayoganda yenyewe) ilianzia hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, na haihitaji umeme. Pesa iende kwenye ganzi, glovu na kutakasa vifaa. Hapo usibanie hata kidogo. Muone kwanza Mganga Mkuu wa Wilaya, utapata chumba cha zahanati.

Na ukifika upande wa Singida, meno mengi ya kahawia utakayoyaona ni floraidi ya maji ya visima, si uozo. Usiyamalizie dawa.